Kwenda Muanda na Kurudi Jioni

Désiré alipompigia simu mama yake kumwambia kwamba mtoto wake wa kwanza angebatizwa Boma mwezi wa nane, Misenga aliuliza mambo matatu: kama jina la mtoto limeandikwa sawasawa, kama mkwe wake amepata nguvu, na kama huko Boma kuna baridi. Alipokwisha kujibiwa yote, mwanawe akaongeza, kama mtu anayekumbuka neno akiwa tayari mlangoni:

"Na tena mama, toka hapa mpaka Muanda si mbali sana. Tukitoka asubuhi, jioni tumekwisha kurudi. Nitakupeleka uone bahari."

Misenga akatafuta kiti, akaketi.

"Mama? Uko?"

"Niko," alisema. "Siku moja? Kwenda na kurudi?"

"Siku moja tu."

Désiré alikuwa amemnunulia tiketi mbili za ndege za kutoka Kindu, ya kwake na ya mtu wa kumsindikiza, kwa sababu goti lake la kushoto halikuwa goti tena. Kutoka Kinshasa wangepanda gari mpaka Boma. "Chagua wewe mwenyewe wa kuja naye," alisema. Habari ile haikumaliza hata siku mbili kabla haijamfikia Mbelu, mdogo wake Misenga, ambaye bila kuulizwa alianza kufua nguo zake nzuri na kuzianika uani ili kila mtu azione.

Misenga hakumwambia ndiyo wala hapana. Alitoa daftari alilokuwa akiandikia nyimbo za kwaya, akafungua ukurasa mweupe, akaandika juu: Muanda. Halafu akabaki na kalamu mkononi. Kila alichotaka kuandika, saa ya kutoka, chakula cha kubeba, nguo ya kuvaa, alikuwa amekwisha kukipanga na mtu mwingine, zamani, katika nyumba hiyohiyo.

Mtu huyo aliitwa Claudine. Alikuwa jirani yake katika nyumba za wafanyakazi wa reli, ukuta kwa ukuta, uwanja mmoja, jiko moja la nje. Claudine alikuwa Mkristo wa Kibombo aliyeolewa na Djuma, Mwislamu, mpiga kasia wa kuvusha watu mto Lualaba. Misenga alikuwa Mkasai, mke wa Kayembe, fundi wa treni. Walikuwa wakigombana juu ya kamba ya kuanikia nguo na kupatana kabla nguo hazijakauka.

Mwaka wa elfu mbili na mbili mji wa Kindu ulifungwa. Mjini walikuwemo wenye bunduki, na porini walikuwemo wenye bunduki wengine, na katikati yao watu waliokuwa na majembe tu. Treni ilikuwa imelala. Kayembe alikuwa amekwama upande wa Kongolo, na kwa miezi mingi Misenga hakujua kama ni mke au ni mjane. Mashamba yote yalikuwa nje ya mji, na aliyetoka kwenda shambani alikuwa akiaga kama mtu anayekwenda vitani. Watu walikula mapapai mabichi ya kuchemsha, wakala na majani yake. Chumvi ikawa hadithi.

Siku hizo Claudine alipata karanga kiganja kimoja, zimefungwa katika ukurasa wa gazeti la Wazungu. Karanga waligawana, wakawapa watoto zaidi. Ukurasa wakabaki nao. Ulikuwa na picha ya mji ulio kando ya bahari, nyumba nyeupe zimepangana, na mbele yake, juu ya wimbi refu kama paa la kanisa, alisimama mtu. Hakuwa amekaa mtumbwini. Alisimama wima juu ya ubao, mikono ameitandaza, anacheka.

"Yaya," Claudine alisema, akimwita kama dada mkubwa, "huyu muntu anasimama juu ya maji."

"Ni ubao."

"Hata kama ni ubao. Djuma iko na miaka ishirini juu ya maji, hajasimama hivi hata siku moja. Ni wapi huku?"

Maandishi yalikuwa ya lugha wasiyoijua. Misenga alifikiri. Shuleni alikuwa amefundishwa kwamba nchi yao ina bahari sehemu moja tu, ndogo kama tundu la sindano. "Ni Muanda," alisema.

"Basi twende Muanda," alisema Claudine. "Siku moja tu, kwenda na kurudi jioni. Kulala siwezi, Djuma hajui kujipikia."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Misenga, mke wa mtu wa reli, alijua kwamba kati ya Kindu na Muanda kuna nchi nzima. Hakusema. Claudine naye hakuuliza. Katika mpango wao Muanda ilikaa kama Alunguli, ng'ambo ya mto: mtu unaamka, unavuka, umefika. Kila mchana, njaa ilipokuwa imekaa vizuri tumboni na watoto wamelala kwa uchovu, walijifungia ndani wakapanga. Ilikuwa mwiko kumtaja askari. Ilikuwa mwiko kusema "kama tutakuwa wazima."

Walipanga kwa bidii ya watu wasio na kazi nyingine. Misenga alitaka kubeba samaki wa kukaanga, Claudine alimcheka mpaka akashika ubavu: "Kubeba samaki kupeleka baharini! Watasema Wakasai hawana akili." Wakakubaliana kuku, kwa mafuta ya mawese, na bugali ya kufunga katika majani ili isigande. Walichagua vikwembe vya kuvaa. Walibishana kama mtu anaingia majini na viatu au bila.

Lakini jambo lililowashinda zaidi lilikuwa Sandrine, binti wa Claudine, mwenye miaka mitano. Mtoto huyo, ilipofika saa nane mchana, kama hajalala, alilia kwa sauti ya kuita majirani. "Basi tutoke kule saa saba," alisema Claudine. "Saa saba!" alisema Misenga. "Mtu anakwenda mpaka baharini, anarudi kabla ya jua kugeuka?" Walibishana siku mbili nzima. Siku ya tatu Misenga akasema yeye atambeba mgongoni mpaka alale, atamfunika na kikwembe, nao watabaki mpaka saa kumi. Claudine akatulia. "Ile njo maneno," alisema. "Mutoto akilala, saa ni zetu."

Sandrine mwenyewe alikuwa akisikiliza yote, kidole mdomoni.

Ilikuwa asubuhi ya Alhamisi Claudine alipotoka na wanawake wanne kwenda kutafuta sombe, majani ya muhogo, upande wa barabara ya Kibombo. Misenga alipaswa kwenda nao, lakini malaria ilimwangusha. Walirudi wawili. Walisema risasi zililia, kila mtu akakimbia kwake, na hakuna aliyejua zilitoka upande gani. Djuma akaenda kuulizia kwa wakubwa wa askari, akarudishwa. Akaenda tena.

Jioni ile Sandrine alikuja akasimama kando ya mkeka wa Misenga. "Mama iko wapi?"

Misenga alikuwa akitetemeka kwa homa. Alikuwa bado anaamini kwamba Claudine amejificha mahali, kwamba giza likiingia atapenya arudi. Uongo aliohitaji ulikuwa wa kuvusha jioni moja tu.

"Mama ameenda Muanda," alisema. "Ameenda kuangalia bahari kwanza, kama iko muzuri. Atarudi."

Claudine hakurudi, wala mwili wake haukuonekana. Na mtoto, kuanzia kesho yake, akawa anashuka peke yake mpaka kwenye biichi, kama watu wa Kindu wanavyoita mahali mitumbwi inapoegeshwa, anakaa juu ya jiwe, anatazama upande maji yanakokwenda. Djuma alimrudisha nyumbani kila siku bila kujua anangoja nini. Misenga alijua. Njia ilipofunguka, Djuma akahamia Alunguli kwa dada yake pamoja na mtoto. Kayembe alirudi, akaishi miaka tisa zaidi, akafa kwa ugonjwa. Misenga na Sandrine walikutana misibani na sokoni, wakasalimiana vizuri. Neno lile Misenga hakuwahi kulirudisha. Mwanzoni alijiambia mtoto ni mdogo mno. Baadaye akajiambia mtoto amekua, amesahau.

Sasa alifunga daftari, akajitanda kikwembe, akashuka mtoni.

Sandrine alikuwa na cherehani mbili Alunguli, chini ya paa la mabati, na siku hizo alikuwa akishona sare za shule. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na minane, mrefu kama baba yake, na midomo ya Claudine hasa, ile inayoonekana kama inataka kubisha hata ikiwa kimya. Alimpa Misenga kiti, akamwuliza habari za goti, akampa maji. Misenga akamweleza safari: ubatizo, tiketi mbili, Boma. Sandrine aliendelea kushona, akiitikia. Halafu Misenga akasema: "Na tukiwa huko, kuna siku moja ya kwenda Muanda. Mi nataka twende mimi na wewe."

Mguu wa Sandrine ukasimama juu ya kikanyagio.

"Hapana, Mama Désiré."

"Sijakuambia hata tarehe."

"Tarehe yoyote. Boma nitakusindikiza kama unataka. Muanda siendi."

Misenga akangoja. Alijua kungoja, alikuwa amengoja mume miezi kumi na moja.

"Unajua ni juu ya nini siendi," Sandrine alisema bila kuinua macho. "Ulikuwa kule. Shangazi aliniambia mama alikufa akienda shamba. Nimekubali. Lakini mi nakumbuka sauti, Mama Désiré. Nilikuwa mudogo, lakini nakumbuka. Nasikia sauti inasema, mama ameenda Muanda. Na kabla ya ile, siku zote alikuwa anapanga: tutavaa nini, tutatoka saa ngapi. Nilipokua nikaelewa. Hakuenda shamba. Alikuwa anatoroka. Alichoka njaa, alichoka baba, alichoka mimi. Akatafuta njia ya kutoka katika mji, wakamupiga risasi njiani. Simuhukumu. Wengi walitoroka. Lakini usiniambie niende kuona kile alichokipenda kunipita."

Nje mtu alipita akiuza mafuta, akiita. Kumbe mtoto hakusahau. Kumbe mtoto alikuwa amelichukua neno lile moja, akalijengea nyumba, akakaa ndani yake miaka yote hiyo.

"Ile sauti," alisema, "si ya mtu mwingine. Ni yangu."

Sandrine akainua uso.

"Ni mimi nilikuambia. Ulikuja ukaniuliza mama iko wapi, nikakuambia Muanda. Nilidhani atarudi usiku. Mama yako alikwenda kutafuta sombe, na kapu lake lilikuwa langu, lile lenye mshikio mwekundu, kwa sababu lake lilikuwa limetoboka. Muntu hatoroki na kapu la jirani."

"Wewe."

"Mimi. Na ile mipango unayokumbuka, tulikuwa tunacheza ili njaa isitumalize. Wewe ulikuwa ndani. Tulibishana siku mbili juu yako, kwa sababu ulikuwa unalia saa nane. Mama yako alisema afadhali turudi mapema kuliko wewe uchoke. Mimi nikasema nitakubeba. Bila wewe hakukuwa na safari, Sandrine. Hakuna hata siku moja alipanga kwenda bila wewe."

Misenga alikuwa ametazamia machozi, au labda mkono. Sandrine alisimama. Alikunja sare aliyokuwa akishona, akaikunjua, akaikunja tena.

"Uliniona pale biichi," alisema. "Kila siku. Ulikuwa unaniona."

"Nilikuwa nakuona."

"Na uliniacha nimukasirikie mama yangu miaka ishirini na tatu."

Misenga angeweza kusema habari za homa, za vita, za woga. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililofaa.

"Rudi nyumbani, Mama Désiré," Sandrine alisema taratibu. "Mvua inakuja, na goti lako."

Alivuka mto akiwa amekaa katikati ya mtumbwi, mikono mapajani. Mpiga kasia alimsalimia mara mbili kabla hajasikia. Alifika nyumbani akamkuta Mbelu akipiga pasi, akamwambia tu: "Mbelu, ngoja kwanza." Mbelu, ambaye kwa kawaida hangojeshwi bure, alimtazama usoni akazima pasi.

Zikapita siku tisa. Misenga alienda kanisani, akaimba bila kusikia anachoimba. Kilichomsumbua zaidi hakikuwa hasira ya Sandrine. Hasira ile aliiona ni haki yake, kama mtu aliyeletewa barua iliyochelewa. Kilichomsumbua ni jinsi ilivyokuwa rahisi kunyamaza. Hakuwahi hata siku moja kuamua kumficha yule mtoto. Alikuwa tu hajasema leo, na kesho vilevile, mpaka kesho zikawa maisha ya mtu.

Siku ya kumi, Jumamosi, saa tatu asubuhi, Sandrine aliingia uani bila kubisha hodi. Alisimama akatazama ule ukuta wa pamoja, jiko la nje, mlango wa nyumba alimozaliwa, ambayo sasa ilikuwa na wapangaji wengine. Kisha akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Nilimuuliza baba," alisema. "Habari ya kapu. Anasema ni kweli, ulikuwa na kapu la mshikio mwekundu. Alilitafuta kule njiani siku tatu. Alikuwa hajui kwamba mi niliambiwa Muanda. Analia tu, muzee." Akamgeukia Misenga. "Mi bado nakukasirikia."

"Ni haki yako."

"Sijaja kusamehe. Nimekuja kuuliza. Mulisema tutoke saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri."

"Kutoka Boma? Nimeuliza watu. Barabara ni ya udongo, ikinyesha gari linalala. Tutoke saa tisa usiku."

"Saa tisa utaamka?"

"Mi naamka saa tisa kila siku ya Mungu kushona. Chakula?"

"Kuku. Mama yako hakutaka samaki."

"Juu ya nini?"

Misenga akamwambia habari ya samaki kupelekwa baharini na Wakasai wasio na akili. Sandrine hakucheka, lakini midomo ile ya kubisha ilicheza kidogo upande mmoja. Akaomba daftari. Akaandika mwenyewe, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika vipimo: saa, chakula, nguo za kubadilisha, dawa ya goti, mwavuli. Walipofika kwenye viatu wakabishana. Sandrine alisema bila viatu, Misenga akasema kuna mawe, na Mbelu, aliyekuwa akisikiliza dirishani kwa uchungu wa nguo zake zilizofuliwa bure, akapaza sauti kwamba waende na kandambili na wawaache watu wapumzike.

Walikwenda. Mtoto alibatizwa siku ya Jumapili, akapiga kelele vizuri, na Jumanne Désiré akawapeleka. Mpango wao haukudumu hata mpaka jua kuchomoza. Gari la kuazima lilikataa kuwaka, wakatoka saa kumi na mbili. Njiani lori lilikuwa limefunga barabara, wakangoja saa tatu nzima wakila kuku wote kabla hata ya kuona maji. Walifika Muanda saa saba na nusu.

Bahari haikufanana na picha. Nyumba hazikuwa nyeupe. Kwenye kizingo cha mchanga maji yalikuwa ya rangi ya chai, kwa sababu mto wenyewe unamwagikia pale karibu, na mbali zilionekana nguzo za visima vya mafuta na moto wake. Upepo ulimvua Misenga kilemba. Lakini mawimbi yalikuwepo, yakija moja nyuma ya jingine bila kuchoka, na vijana watano, wanaume watatu na wasichana wawili, walikuwa wakiyapanda kwa mbao walizochonga wenyewe. Wengi walianguka. Msichana mmoja mwenye kaptura ya njano alisimama, akayumba, akaja mpaka pwani, akashuka juu ya mchanga kama mtu anayeshuka kwenye treni.

Sandrine alimtazama muda mrefu. Halafu akavua kandambili, akamkabidhi Misenga, akaingia majini na nguo zake. Magoti. Kiuno. Wimbi likampiga kifuani, akapiga yowe, akabaki palepale. Alisimama hivyo na mgongo wake umeelekea pwani, na Misenga hakujua kama analia au anacheka, wala hakuona kwamba inamhusu. Aliketi mchangani, goti amelinyoosha, akashika zile kandambili mbili. Ilikuwa karibu saa nane.

Saa tisa na robo Désiré akaanza kutazama mawingu, wakarudi garini. Sandrine aliketi nyuma pamoja na Misenga, amejifunga kikwembe kikavu, nywele zikimtonatona. Walikwenda mwendo mrefu.

"Mama Désiré," alisema mwishowe.

"Eeh."

"Habari ya bahari nimekwisha kuisikia, inatosha. Unaijua habari nyingine ya mama yangu? Ya siku za kawaida. Kama aligombana na baba juu ya nini."

Misenga akatazama nje, miti ikirudi nyuma. Kwa miaka mingi alikuwa akimkumbuka Claudine katika miezi ile tu ya njaa, kana kwamba hakuwahi kuishi kabla ya hapo. Akatafuta mbali zaidi, na kwa mshangao wake akapata mengi.

"Alikuwa na bata," alisema. "Bata yule alimpenda baba yako kupita kiasi. Sasa Ijumaa moja, baba yako amevaa kanzu yake, anakwenda msikitini, hajui kwamba nyuma yake..."

Mbele, Désiré akapunguza mwendo ili asikie.